Mwalimu wa Nyumba ya Nyuma na Makopo Yake

Ninyi batoto munasoma haya, na zaidi ninyi bajukulu bangu munapenda kucheka mbele ya kusikia: kaeni chini. Telefoni pa meza, uso yake chini. Nitawaandikia juu ya muntu moya. Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake ni nani, juu mimi sikumuulizaka, na yeye hakuniulizaka. Jina yake vilevile sitaiandika. Yeye mwenyewe alikubali niandike, lakini alisema jina yake inakaaka ku kona ya chini ya picha zake, ku mukono ya kuume, na pale inatosha. Basi tutamuita vile tulimuitaka siku zote mu parseli, mu kiwanja na nyumba zake: Mwalimu.

Mimi niliishia darasa ya tatu. Mukiona kosa, muirekebishe kimya kimya na muendelee.

Alifundisha desen, ile somo ya kuchora, mu masomo ya wakubwa mpaka balimupumuzisha. Kisha alikuja kwangu hapa Bel-Air, mu Lubumbashi, na kofia mu mukono, kuomba ile kanyumba ya nyuma, ya chumba moya, yenye bazungu ba zamani balijenga kwa boyi wabo kulala. Wakati ile nilikuwa naweka mule makala na baiskeli ya marehemu bwana yangu.

"Mama, sitaki nyumba ya kulala," alisema. "Kulala nalalaka kwa binti yangu, barabara ya pili. Natafuta nyumba ya kazi."

"Kazi gani?"

"Kuchora."

"Kuchora ni kazi?"

"Mama, ile kibao ya kinyozi hapa ku barabara, yenye vichwa sita, aliifanya nani?"

"Muntu mwenye hakuwa na kazi."

Alizungusha kofia yake mara moya. Kisha alisema, "Ilikuwa mimi." Nilimupa nyumba. Muntu mwenye anasema ukweli hata wakati inamupunguza, anaweza kukaa mu parseli yangu.

Kazi yake ya kwanza haikuwa kuchora. Ilikuwa kusimama. Tulitoa makala, tulitoa baiskeli, na yeye aliingia katikati ya chumba, akafunga mulango, akainua kiganja mbele ya uso, akaanza kukigeuza pole pole, huku na huku. Muke wa mutoto wangu, Zaina, alichungulia ku tundu ya kufuli.

"Mama, anaangalia mukono yake."

"Muache. Labda ni mupya."

Alitoka na kuniambia anataka kuvunja ukuta.

"Dirisha iko," nilisema.

"Ile inaleta jua, Mama. Mimi nataka mwangaza."

"Jua na mwangaza, si ni kintu kimoya?"

"Hapana. Jua inatembea. Asubui muntu iko na pua ya huku, saa sita iko na pua ya huku. Mimi nachora pua. Jua ikitembea, pua inatembea nayo."

"Pua yangu haijatembea tangu nizaliwe."

"Ya Mama, hapana," alisema, na heshima yote.

Basi alitoboa dirisha ku upande wa kusini, kwenye jua haipigi sana, na kwenye choo iko. Kila muntu yenye alikuja kuchorwa alipata mwangaza muzuri na harufu pamoja. Na ile dirisha, muntu mwenye alifundisha batoto ba bantu kupiga mustari ulionyooka maisha yake yote, aliitoboa ya kupinda. Upande moya juu, upande moya chini, sawa muntu anasinzia. Nilimuuliza. Alisema ile inaitwa perspektive. Nilimuambia mvua ikiingia, nitaita perspektive ije kupangusa.

Mvua iliingia. Alipangusa yeye.

Sasa nifike ku makopo, juu makopo njo muntu mwenyewe.

Muntu mwingine akiwa na rangi sita, anatafuta vyombo sita vya kufanana, anapanga mustari, inapendeza. Mwalimu, hapana. Rangi nyeupe alitia mu kopo kubwa ya maziwa ya unga. Nyekundu, mu kopo ya tomati, yenye mudomo ya kukwaruza. Bluu, mu chupa fupi ya pomadi. Nyeusi, mu ile kopo bapa ya siraji ya viatu. Manjano, mu ndoo ndogo ya margarini. Ya majani mabichi, mu chupa yenye alifunga kamba ku shingo, sawa mbuzi ya kuuzwa. Ukiangalia ile etajeri yake ya kupangia makopo ungesema ni takataka ya hoteli.

Burashi zilisimama mu vikombe bya munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, manyoya juu: nene karibu na mulango, nyembamba karibu na dirisha. Kitambaa ya kupangusa ilikuwa pa musumari ya kwanza. Kisu pa musumari ya pili. Ile mbao ya miguu tatu yenye anawekaka picha, alipigilia vipande bya mbao chini, kila muguu na kashimo yake, hata mutoto akigonga haisogei. Mbele ya etajeri alipigilia kamba ndefu na fundo, fundo, fundo. Nilimuuliza fundo ni za nini. Alisema ni mapambo.

Na kila siku, kama hujamuuliza, atakuambia: "Mukono haina kutafuta, Mama. Mukono inafika."

Nilimujibu mukono yenye kufika bila kutafuta ni mukono ya muizi. Alicheka mpaka akakaa.

Mimi sikuwahi kuingia mule bila kukemea kintu. Ile kopo ya maziwa iko mwisho wa etajeri, itaanguka. Ile siraji iko chini sana, itakuliwa na panya. Ile kijiti yako ya kukorogea iko pa njia, itanitoboa. Nilikuwa naanza ku mulango na kumalizia ku dirisha, sawa daktari anapita vitanda. Yeye alikuwa anaitika tu, "Ndiyo, Mama," na hakusogeza hata kimoya.

Siku moya Zaina alisafisha. Alifanya na roho nzuri, nasema ukweli. Alipanga makopo toka kubwa mpaka ndogo, akaweka burashi zote mu kikombe kimoya sawa maua. Mwalimu alifika, akanyosha mukono bila kuangalia, akakamata hewa. Huyu muntu mupole, yenye hajawahi kupandisha sauti hata kwa mulevi, alitoka mu kiwanja akalia, "Nani alinikamatia bluu?"

"Iko pale, Mwalimu, karibu na nyekundu," Zaina alijibu.

"Karibu na nyekundu si fasi yake!"

"Lakini inaonekana!"

"Kuonekana si kuwa pa fasi yake!"

Alimusimamisha Zaina mbele ya etajeri sawa mutoto wa darasa ya kwanza, na mutoto ku mugongo, akamufundisha: maziwa, tomati, pomadi, siraji, margarini, kamba. Tena. Maziwa, tomati, pomadi, siraji, margarini, kamba. Mpaka leo Zaina akienda ku soko anasemaka vile, na bauzaji banafikiri anataka kununua.

Shemeji yangu wa Sakania njo alituletea maneno ya chai. Ni mwanamuke wa kuuza bitu bidogo bidogo ku gari ya moshi, midomo haipumuziki, na bila chai hawezi kuanza kusema. Alifika asubui, mimi nikiwa ku soko, maziwa mu nyumba ilikuwa imeisha. Alipita mu kiwanja, akaona mulango ya Mwalimu wazi, akaona kopo ya maziwa. Alichota vijiko bibili bya kujaa.

Nyeupe ya Mwalimu haikuwa rangi ya duka. Alikuwa anasaga pemba, ule udongo nyeupe ya kupaka ukuta, yenye banamuke ba mimba banatafunaka, kisha anaweka unga yake mu kopo mpaka siku ya kuichanganya. Niliporudi nilikuta shemeji anakoroga kikombe ya pili.

"Dada, maziwa ya Lubumbashi iko nzito," aliniambia. "Yetu ya Sakania ni maji tu."

Mwalimu alisimama nyuma yake, ameisha kuelewa. Alinivuta pembeni.

"Mama, ule iko na mimba?"

"Mwalimu! Iko na bajukulu!"

"Bon. Haitamufanya kintu." Alifikiri kidogo. "Lakini kopo, aliirudisha pa fasi yake?"

Njo swali yake. Muntu amekunywa ukuta, yeye anauliza kopo.

Shemeji hakuambiwa mpaka leo. Kama anasoma: shemeji, tuko na maziwa ya kweli sasa, karibu.

Turubai yake ya kuchoria alitengeneza na magunia ya unga. Anafungua mushono, anafua, anavuta pa mbao, anapiga misumari, kisha anapaka uji wa muhogo kufunga matundu, anaweka pa jua ikauke. Muntu mwenye akili anaona pale chakula imetandazwa. Mbuzi yangu iko na akili.

Kulikuwa bwana moya wa kwaya, alitaka picha kubwa ya saloni, chumba ya wageni: yeye na muke wake, wamesimama, kanisa nyuma. Mwalimu alimaliza vizuri, lakini aliona ku upande wa muke turubai imelegea. Alipaka uji ingine kwa nyuma, akatoa picha inje. Mbuzi ilianza ku ule upande wenye uji mingi. Bwana alipokuja kuchukua, alijikuta amesimama peke yake mbele ya kanisa, amekunja mukono sawa anashikilia muntu, na pembeni yake iko tundu.

"Mwalimu, muke wangu iko wapi?"

"Papa, kulikuwa kashida. Nitamurudisha mbele ya yenga, siku ya kanisa."

Kumbe muke mwenyewe alikuwa nyuma, anashuka mu pikipiki. "Shida gani? Nani alinitoa?"

"Mbuzi, Mama."

"Mbuzi ilituona sisi bawili, ikachagua mimi?"

"Kwako niliweka uji mingi, Mama."

"Ah," alisema, na niliona hasira inashuka kidogo. "Na yeye uliweka kidogo?"

"Kidogo sana."

Alirudi kwabo anacheka bwana yake. Lakini Mwalimu alikuja kwangu kushitaki mbuzi. Nilimusikiliza mpaka mwisho, juu nawapa bote nafasi ya kusema, kisha nilikata: "Umepaka muhogo pa gunia, umeitandaza pa jua. Ulingojea mbuzi ifanye nini? Isome?"

Tangu siku ile alikuwa anatukana ile mbuzi mu Kifransa kila asubui. Na kila jioni, akifikiri simuoni, anakwaruza uji yenye ilibaki mu sufuria na kumupa mu kiganja. Nilikuwa namuona. Nimenyamaza mpaka leo.

Sisi ni bantu ba Maniema, nyumba ya sala, na mu nyumba yangu uso ya muntu haininginiki ku ukuta. Bwana yangu alitaka vile na mimi nimeendelea vile. Lakini fasi yangu ya kusali inaangalia kiwanja, na kiwanja inaangalia mulango ya Mwalimu. Siku ya kwanza nilisali na macho kumi inanitazama. Nilimuita.

"Mwalimu, chora yenye unataka. Lakini saa ya sala sitaki muntu aniangalie mugongo."

Hakubishana. Wakati mwazini anaanza, Mwalimu anaacha burashi, anazunguka chumba, anageuza picha moya moya, uso ku ukuta. Nikimaliza, anazigeuza tena. Yeye mwenyewe ni wa kanisa, na kanisa yenyewe anaijua ku Noeli na ku matanga. Lakini sala zangu alizichunga kuliko batoto bangu. Nikichelewa ku sufuria, namusikia inje: "Mama! Mimi nimeisha kugeuza bantu bako!"

Mufanyabiashara moya, muntu ya tumbo na saa ya kungaa, alikuja kuangalia picha yake ile dakika, akajikuta ameangalia ukuta.

"Mwalimu, nimefanya kosa gani? Mbona umenipa malipizi sawa mutoto wa masomo?"

"Papa, saa ya sala bote banaangalia ukuta. Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, iko pale, karibu yako."

"Shefu na yeye?"

"Na yeye."

Alienda kuhakikisha. Aliona kofia ya shefu ku ukingo. "Kama shefu iko pale," alisema, "basi niache nami kidogo."

Vile njo tuliishi. Kisha bintu bikaanza kubadilika, na mimi, yenye najisifu kuona kila kintu, niliviona bimoya bimoya tu, sikuvikusanya.

Asubui moya nilimusikia anasema, "Bonjour, Mama, umeamuka?" Nilikuwa jikoni. Alikuwa anasalimia kitenge yangu pa kamba ya nguo. Nilicheka, nikafikiri anachekesha. Siku ingine alifunga kamba toka mulango yake mpaka choo, akasema ni ya kukausha turubai. Sikuona turubai hata moya pale. Nilimuona yeye, anapita na vidole bibili juu ya kamba, sawa muntu anachezea.

Na picha zikaanza kuwa kubwa. Kichwa ya bantu ilianza kukula mabega. Macho ilikuwa sawa mabakuli. Zaina alisema Mwalimu amebadilisha stili. Bakliya, bantu ba kununua, balipenda, muntu haulizake kwa nini amekuzwa. Tena hakukaa mpaka jioni kama mbele. Jua ikianza tu kushuka anafunga. Nilisema ni uzee. Mimi mwenyewe jioni napenda kiti.

Sasa mutoto wangu mukubwa, Saidi, bwana ya Zaina. Anauza samaki ya barafu ku jumla, anafanya kazi sana, iko na batoto tano na depo ya kuwekea samaki hana. Alikuja na makaratasi ya vipimo, ameisha kupima nyumba ya nyuma kwa macho.

"Mama, Mwalimu iko na makopo mule. Mimi niko na familia."

"Makopo yake inamulisha na yeye."

"Sisemi atoke. Nasema tugawanye. Nusu yake, nusu yangu. Na mimi nitamutengenezea yake vizuri, atafurahi."

Nilisema nusu. Nusu ni haki, na mpaka leo ninasema nusu ni haki, kwa muntu mwenye macho.

Mwalimu alienda Kasungami ku matanga ya ndugu yake, akalala kule. Saidi hakukawia. Na nasema wazi, alifanya sawa mutoto niliyemulea: alinunua etajeri mupya ya chuma. Alinunua vyombo bya plastiki, byeupe, bya kufanana, na kifuniko. Zaina alimimina rangi yote mule, nyekundu mule, bluu mule. Bajukulu bakaandika ku kila chombo jina ya rangi, maandishi mazuri ya masomo. Makopo ya zamani balitupa mu shimo ya takataka. Burashi balifua, balipanga mu sanduku. Kamba yenye fundo balikata, juu ilikuwa muchafu. Na ku kushoto, kwenye makopo ilikuwa mbele, balisimamisha konjelateri, ile friji ya kugandisha samaki, kubwa sawa kaburi ya tajiri, inanguruma.

Ilipendeza. Hata mimi nilitafuta kintu ya kukemea, sikupata.

Alipofika, tulikuwa bote mu kiwanja, tunangojea furaha yake. Aliingia, akaweka kofia pa musumari ya kofia, lakini musumari haikuwa pale. Kofia ilianguka chini. Mukono yake ya kushoto ilienda ku fasi ya maziwa. Iligonga chuma baridi.

"Hii nini?"

"Konjelateri!" bajukulu balipiga kelele, bakacheka.

Na yeye alicheka. Mukono ilipapasa hewa, ikapata etajeri, ikapata chombo. Alikizungusha. Akaacha. Akakamata ingine, akaizungusha. Ingine.

"Jina iko juu, Mwalimu," Saidi alisema, na kifua mbele. "Soma tu."

Alileta chombo karibu na pua. Akaisogeza mbali. "Muzuri sana," alisema. "Merci, mutoto wangu. Merci sana." Kisha alisema kichwa inamuuma, akakaa pa kiti, na chombo mu magoti.

Bote balienda, baliridhika. Mimi nilibaki. Hakuwa anaangalia kile chombo. Alikuwa anakipapasa na kidole kikubwa, kuzunguka, kuzunguka, sawa muntu anatafuta mulango ya nyumba isiyo na mulango.

"Mwalimu, ile yenye uko nayo ni rangi gani?"

"Bluu, Mama."

Ilikuwa nyekundu. Iliandikwa na herufi kubwa, na bado ilikuwa inachuruzika pembeni, ku vidole byake.

Nilikaa pa ndoo.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. "Funga mulango, Mama." Niliufunga. "Tangu dirisha."

"Dirisha gani?"

"Hii ya perspektive. Munganga wa macho aliniambia, mbele sijaacha kufundisha. Jicho moya itaenda haraka, ya pili itaenda pole pole. Nilisema basi, nitafute nyumba, nipange kila kintu wakati bado naona. Kopo, musumari, burashi, fundo za kamba. Niyapange mpaka mukono ijue. Macho ikienda, mukono ibaki." Alitikisa chombo. "Mwangaza na kivuli naona bado, kwa ile dirisha. Uso ya muntu nikimusogelea sana. Inatosha kufanya kazi. Lakini jina ya rangi pa plastiki, Mama, hapana."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Nani atapeleka uso yake kwa muntu asiyeona?"

Siku ile alikuwa anaficha bado. Leo anajisemea mwenyewe, na bakliya bamezidi, juu kila muntu anataka kupapaswa pua.

"Saidi iko na haki," aliendelea. "Iko na batoto. Nitatoka, Mama, bila maneno. Ingekuwa zamani ningekubali nusu. Lakini kupanga upya siwezi tena. Kupanga kunataka macho. Hii chumba nilipanga mara moya, na ilikuwa ya mwisho."

Mwingine hapa angelia. Mimi nilisimama, nikafungua mulango, nikaita bantu bangu bote, na majina yabo kamili, vile naitaka siku ya mabaya.

"Makopo iko wapi?"

"Mu takataka, Mama," Zaina alisema.

"Yatoke mu takataka."

Balirudi nayo, yananuka. Kopo ya tomati ilikuwa na ganda ya ndizi ndani. Mbuzi ilikuwa imeanza kamba ya chupa ya majani mabichi. Saidi alisimama katikati, hajaelewa, na mikono wazi.

"Mama, kwani nini? Tulipanga vizuri!"

"Mulipanga vizuri kwa macho yenu. Mwalimu haoni."

Mutoto mudogo moya alipitisha mukono mbele ya uso ya Mwalimu, na Zaina akamupiga kakofi. Saidi aliangalia vyombo byake byeupe, kimoya kimoya, na niliona vile vimeanza kumuuma.

"Sasa," nilisema, "musukume konjelateri katikati, mulete etajeri ya zamani. Tunarudisha."

"Lakini Mama, nani anakumbuka fasi yabyo?" Saidi aliuliza. "Yeye haoni, na sisi tumeisha kutoa yote."

Zaina alifungua mudomo: "Maziwa, tomati, pomadi, siraji..."

"Ile ni kufuatana tu. Kimo je? Misumari je?"

Basi nilianza ku mulango, vile nilianzaka siku zote. "Kofia: musumari pa kimo ya kichwa yangu, juu ilinikwaruza kitambaa Idi ya mwaka jana. Kitambaa ya kupangusa: chini yake, niliwahi kusema inachuruzika chini. Kisu: musumari ya pili, niliwahi kusema mutoto atakifikia. Maziwa: mwisho kabisa ku kushoto, ukingoni, njo nilisema itaanguka. Tomati karibu yake, mudomo ya kukwaruza ikiangalia ukuta, juu ilinikata kidole. Siraji chini, kwenye panya. Kijiti ya kukorogea pa njia, pale pale inatoboa bantu. Kamba: muifunge tena mbele ya etajeri, na fundo zake zote." Balikuwa banakimbia, banapigilia, banapima na vidole. Nilienda mpaka dirisha, na sikukosa hata moya. Mwaka kwa mwaka nilikuwa nalalamika juu ya ile chumba. Hakuna muntu aliijua kunipita, isipokuwa yeye.

"Kumbe, Mama, ulikuwa unaangalia," Mwalimu alisema toka ku kiti.

"Nilikuwa nakemea."

Alisimama. Aliangalia dirisha, si sisi. Mukono ya kushoto ilitoka pembeni yake, haikupapasa, haikusita, ikafunga juu ya kopo ya maziwa. Kisha tomati. Kisha pomadi. Pa siraji alisimama, akasukuma kopo upana wa kidole moya.

"Hapa tu ulikosea," alisema.

"Hapa panya iliisogeza. Niliiona mimi."

Alicheka mpaka akakaa.

"Na konjelateri?" Saidi aliuliza pole pole.

"Mu saloni yangu."

"Mama! Itanuka samaki mpaka mu sala!"

"Itanukia mimi. Mungu anajua samaki."

Balipoisha kuipitisha ku mulango, banne, na matusi kidogo yenye nilijifanya sikuyasikia, nilibasimamisha bote mu kiwanja, toka Saidi mpaka yule mudogo wa kakofi, nikasema:

"Sikieni, sitarudilia. Mule ndani munaingia na mikono nyuma. Ukikuta kopo, iache. Ukikuta burashi chini, usiokote, uniite mimi. Ukitaka kusaidia, saidia ku choo, kufagia, juu harufu inamufikia. Zaina, saa ya sala akigeuza picha, wewe uangalie asisahau shefu. Saidi, ile etajeri yako ya chuma weka samaki. Hakuna muntu mu nyumba hii atasogeza kintu ya Mwalimu hata upana wa kidole, mpaka mimi nife, na nikiisha kufa muendelee. Na mufunge mbuzi."